Wasifu wa Askari Mstaafu Usiandikwe na Kambi Peke Yake

Kwa miaka ya karibuni, simu za wakazi wa Tanga zimekuwa zikipokea aina moja ya taarifa ya msiba. Mzee amefariki, maziko ni baada ya swala ya alasiri, na taarifa imeambatishwa picha ya zamani iliyofifia: kijana mwembamba amesimama kikakamavu ndani ya gwanda, kofia imelala upande, na nyuma yake limening'inia pazia la studio. Chini ya picha hufuata maoni, ambayo nayo yana mkondo mmoja. Shujaa wa Kagera ameondoka, taifa limemsahau, hakuna mtaa wenye jina lake, hakupigiwa hata saluti. Ninakubali kwamba kuna deni, ila sikubaliani na namna deni hilo linavyotajwa. Katika maisha ya mzee kama huyo, miaka ya jeshi ndiyo iliyohifadhiwa vizuri kuliko mingine yote. Ina namba, ina tarehe, ina picha, ina siku yake katika kalenda ya taifa. Miaka arobaini na zaidi aliyoishi baadaye akiwa mume, baba, babu na jirani ndiyo inayoingia kaburini bila kuandikwa, na pasipo miaka hiyo hata vita vyenyewe hatuwezi kuvieleza sawasawa.

Taarifa hizi zimeongezeka kwa sababu ya hesabu ya umri. Majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi ya Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Novemba 2 Mwalimu Nyerere akalieleza taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Katika muda mfupi jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 likapanuka hadi kupita 150,000, kwa kuingiza mgambo wapatao 40,000, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na askari magereza. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979, na mapigano yakakoma mapema mwezi Juni, lakini vikosi vya mwisho viliondoka Uganda mwaka 1981. Kijana aliyekuwa na miaka 20 alipopanda lori kwenda Kagera leo anakaribia 70, na aliyekuwa na miaka 30, pengine akiacha nyumbani mke na watoto wawili, anakaribia 80. Kizazi kizima kilichoitwa kwa pamoja sasa kinaondoka kwa pamoja, na si ajabu kwamba mitaa ya Ngamiani, Makorora na Chumbageni inapokea habari hizi kwa mfululizo.

Je, ni kweli kwamba askari huyo amesahauliwa? Kila Julai 25 tunaadhimisha Siku ya Mashujaa. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya huweka upinde na mshale, na mwakilishi wa askari wastaafu huweka shoka. (Shoka hilo limenifikirisha mara nyingi, kwa kuwa katika vifaa vyote vinavyowekwa pale ndicho ambacho mtu akitoka kwenye gwaride angeweza kwenda nacho nyumbani akapasulia kuni.) Waliokufa Kagera wana makaburi yao Kaboya, na waliokufa Msumbiji katika miaka ya themanini wana makaburi yao Naliendele, Mtwara. Ni kweli kwamba utaratibu huu unawafaa zaidi waliokufa vitani kuliko waliorudi wakafia vitandani mwao. Ni kweli pia kwamba mgambo aliyerudi shambani hakuwa na mafao ya askari wa kudumu, na wanaolisema jambo hilo wasinyamazishwe. Lakini suala la mafao hushughulikiwa kwa madai, nyaraka na bajeti, wala halishughulikiwi kwa kulalamika kwamba mtu hakupigiwa saluti. Tukiyachanganya mambo hayo mawili, la mafao hupotea ndani ya la heshima, na sidhani kama watoa maoni wanaliona hilo.

Kuhusu saluti yenyewe, wanaotuma maoni wakiwa mbali wanasahau desturi ya mji huu. Kwa familia nyingi za Tanga, mtu aliyefariki usiku huzikwa kabla ya jua kuchwa siku inayofuata, kwa kuwa maiti huharakishwa na wala hasubirishwi. Askari wa heshima hawapatikani kwa simu ya saa tatu asubuhi, na nimeona familia ambazo ziliposhauriwa zisubiri zilikataa kwa upole na kwenda zao makaburini. Hapo hakuna aliyemdharau mtu. Kwa ndugu zetu Wakristo msiba una nafasi ya wasifu wa marehemu unaosomwa kanisani, wakati mwingine kurasa tatu nzima. Kwetu tangazo lisilokosekana ni la madeni: anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, amwone mwanawe fulani. Baada ya hapo ni udongo, dua, na watu kutawanyika. Maelezo ya maisha yake husogezwa mbele hadi hitima na arubaini, na huko nako muda mwingi huenda kwenye kisomo na kwenye sinia za pilau. Kwa hiyo yule anayesimama kusema maneno machache hushika kilicho karibu, na kilicho karibu ni ile picha ya gwanda.

Nitatoa mfano mmoja tu. Katika arubaini ya jirani yetu wa Ngamiani, aliyeacha jeshi mwanzoni mwa miaka ya themanini na kuishi kwa cherehani barazani kwake hadi macho yalipomkatalia, kijana wa ukoo alisimama akasoma alichokuwa amekiandaa. Alitaja namba ya jeshi, akataja kikosi, akataja Mutukula, Masaka na Kampala, akaketi. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli, na yote yalihusu miaka isiyofika mitatu katika umri wa miaka sabini na ushei. Baadaye, wakati sinia zinakusanywa, binti mkubwa wa marehemu alinieleza mambo mawili ambayo hayakusomwa. La kwanza ni kwamba katika miaka ya uhaba, vitambaa vilipokuwa havionekani madukani, baba yao alikata shuka nyeupe walizopewa yeye na mkewe siku ya harusi yao akawashonea watoto mashati ya shule. La pili ni kwamba watoto wote sita walikua wakijua kuwa baba akilala haguswi. Anayemwamsha husimama mlangoni na kumwita kwa jina la utani mara mbili, kisha hurudi nyuma. Hakuna aliyewahi kuwaeleza sababu, na hakuna aliyeuliza. Mimi ninaihesabu habari hiyo ya mlangoni kuwa sehemu ya historia ya vita vya Kagera, tena sehemu ambayo hakuna faili la kambi yoyote litakaloieleza.

Mji wa Tanga ulipaswa kulijua jambo hili mapema, kwa sababu ulishalipitia. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa kikosi cha watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakashindwa na jeshi la Wajerumani la watu wapatao 1,000 lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika. Ukimuuliza mtoto wa shule leo, atakutajia nyuki waliovuruga mapigano yale. Nyuki wamebahatika kukumbukwa kuliko wapagazi. Wanaolisoma jeshi lile kwa makini wanaeleza kwamba askari Mwafrika wa Wajerumani hakwenda vitani peke yake. Nyuma ya safu walifuata wake zake, watoto na watumishi, wakipika, wakibeba mizigo, wakiuguza, wakizaa njiani. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba kaya nzima ilikuwa vitani. Upande wa pili, wapagazi waliochukuliwa na Waingereza walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa maradhi na njaa zaidi ya risasi, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, tumebaki nalo katika Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako wengi huenda kununua bidhaa bila kukumbuka lilikotoka.

Kumbukumbu iliyojengwa baada ya hapo ilimchukua askari ikaiacha kaya. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inamwonyesha mtu mmoja na bunduki yake. Maandishi yake, ambayo kwa Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, yanawaambia waliopigana kwamba hata wakifa watoto wao watayakumbuka majina yao, ilhali sanamu yenyewe haina jina hata moja. Serikali ya kikoloni iliwakabidhi watoto kazi ya kukumbuka, halafu haikuwapa orodha. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, waliofia katika utumishi wa vita vile hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo wengi wamesema kwamba dawa ni majina zaidi kwenye mawe. Majina yaandikwe, bila shaka. Hata hivyo, karne moja baadaye kazi hiyo ni ngumu si kwa sababu mawe yamekosekana, bali kwa sababu wale waliokabidhiwa kumbukumbu, yaani watoto na wajukuu, hawakuwa na mahali pa kuiweka, na ilipofika kizazi cha tatu ilikuwa imekwisha. Hatari hiyohiyo inatukabili kwa watu wa 1978, isipokuwa sisi bado tuna wajane na watoto wao mitaani.

Zipo hoja za kunipinga, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza inasema kwamba heshima ya umma hulipwa kwa utumishi wa umma. Kila mwanamume anaweza kuwa baba, lakini si kila mwanamume aliyekwenda Kagera, na tukimsifia askari kwa kushona mashati ya wanawe tutakuwa tumemshusha akalingana na fundi yeyote. Nina heshima kwa hoja hii, na kwa mnara wa taifa ninaikubali: mnara uzungumzie vita. Wasifu wa marehemu lakini si mnara. Kazi yake ni kueleza mtu, na mtu huyu alipewa bunduki kwa miaka michache kisha akapewa nyumba kwa miaka arobaini. Isitoshe, sababu iliyotolewa ya kupigana ilikuwa kulinda watu na makazi yao. Ni ajabu basi kueleza mapigano kwa kina na kuyaacha makazi yaliyolindwa nje ya simulizi.

Hoja ya pili inagusa sitara, na kwa watu wa Mrima, yaani pwani yetu hii, hili ni jambo kubwa. Tumefundishwa kutaja mema ya maiti wetu na kunyamazia mengine. Nyumba za askari waliorudi hazikuwa na shuka na mashati tu. Ziko zilizokuwa na pombe, ziko zilizokuwa na kipigo, ziko zilizokuwa na baba aliyekaa kimya mwaka mzima, na wanaotaka mambo haya yabaki ndani wana haki yao. Sioni hata hivyo kwamba sitara inatulazimisha kuchagua kati ya kufichua kila kitu na kutosema chochote. Kueleza kwamba baba alikuwa haguswi akilala si kumvunjia heshima. Ni kusema vita vilimfanyia nini, na yeye alijitahidi vipi kuwakinga wanawe na mkono wake mwenyewe. Tanga ina mfano mwema wa jambo hili. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alitunga utenzi mrefu wa Vita Kuu ya Pili, na kwa kalamu ileile akamuusia binti yake, akamuusia mwanawe, akamlilia mkewe Amina mbele ya wasomaji wote wa Kiswahili. Sijasikia mtu akisema kwamba aliivua nyumba yake nguo.

Iliyo dhaifu ni hoja ya tatu, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi vibarazani. Inadai kwamba wazee hawa walinyamaza kwa sababu walikula kiapo, basi nasi tuheshimu ukimya wao. Kiapo cha askari kinahusu siri za jeshi: silaha, mipango, mawasiliano, mienendo ya vikosi. Hakuna kiapo kinachomzuia mtu kusema kwamba alipokuwa Uganda mwanawe alizaliwa naye akamwona akiwa amekwisha kutembea, au kwamba mshahara ulichelewa na mkewe akauza hereni. Wala kiapo cha mume hakimfungi mke, ambaye hakuvaa gwanda wala hakuapishwa na mtu. Wengi wa wazee hawa hawakunyamaza kwa sababu walikatazwa. Walinyamaza kwa sababu walipoulizwa waliulizwa jambo moja tu, yaani ulimwona Amin, uliua wangapi, na mtu mwenye akili timamu akiulizwa hivyo mbele ya wajukuu wake hunyamaza. Tunakiita fumbo la kiapo kile ambacho kwa kweli ni uhaba wa maswali mazuri.

Kwa maoni yangu maswali hayo mazuri yangeanzia kwa wanawake. Vita vya Kagera vilikwisha, lakini gharama yake haikwisha navyo. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na wanaokumbuka wanajua kwamba miezi hiyo ilirefuka mpaka katikati ya miaka ya themanini, kwa foleni za sukari, sabuni na khanga. Hapa Tanga hali ilikutana na anguko la mkonge, zao lililoujenga mji na ambalo uzalishaji wake ulikuwa umeshuka mfululizo tangu kilele chake cha miaka ya sitini, wakati nyuzi za plastiki ziliposhusha bei duniani. Askari aliyerudi hakurudi kwenye mji aliouacha. Mashamba yaliyokuwa yakiajiri yalikuwa yakipunguza watu, na nyumba aliyoikuta ilikuwa imezoea kuendeshwa bila yeye. Kuna mwanamke aliyeshika madaraka ya nyumba kwa miaka miwili, akasuluhisha ugomvi wa mipaka, akaoza mdogo wake, akalipa ada, kisha akatakiwa kumpisha mtu aliyerudi akiwa na usingizi wa mashaka. Namna watu hao wawili walivyoelewana tena, au walivyoshindwa, ni habari ya vita kama zilivyo habari za Lukaya na Masaka. Hakuna mwanahistoria atakayeipata katika maktaba ya jeshi, kwa sababu haikupita jeshini.

Tukilikubali hilo, malalamiko yetu yatabadilika mwelekeo. Badala ya kuuliza kwa nini hakuna mtaa wenye jina la mzee, tutauliza kwa nini wanawe sita, wote wakiwa na simu zenye kinasa sauti, hawana hata nusu saa ya sauti yake. Walimu wa historia wa shule zetu wangeweza, wiki moja kabla ya Julai 25, kuwatuma wanafunzi kwa bibi zao wenye umri unaofaa na swali moja la kawaida: mwaka babu alipokuwa Uganda, nyumbani mlikula nini? Makumbusho ya mji, yaliyomo ndani ya Boma la zamani la Wajerumani, yangeweza kupokea cherehani au ganda la barua kwa heshima ileile inayopewa picha za magavana. Maimamu nao, bila kuongeza wala kupunguza chochote katika ibada, wangeweza kuiachia familia robo saa katika hitima, na robo saa hiyo wasipewe vijana wa kiume peke yao. Najua pendekezo hili la mwisho litaleta ubishi, kwa kuwa upande wa kina mama husikia yanayosemwa lakini mara chache hupewa nafasi ya kusema. Bado sijaona namna nyingine ya kupata nusu ya habari ambayo wao tu ndio wanayo. Kwa upande wa serikali, ningependa fedha kidogo za kuwarekodi wazee walio hai kuliko fedha nyingi za mnara mwingine, na hapo najua wako wastaafu watakaonipinga, kwa kuwa mnara huonekana.

Binti yule wa Ngamiani ameanza kuandika. Mama yake bado yumo katika eda, hatoki, na jioni huketi naye chumbani na daftari la mistari. Hadi sasa wamekwama kwenye jambo moja. Mama anasema baba alirudi kabla ya Ramadhani. Binti anasema ilikuwa baada ya Idi, kwa sababu anakumbuka gauni lake la sikukuu lilikuwa limeshafuliwa mara nyingi, na baba hakumtambua ndani yake. Wamelitafuta kabrasha la karatasi zake za jeshi wakalipata, na ndani yake iko tarehe ambayo kikosi kilivuka mpaka kurudi Tanzania. Alifika lini mlangoni, karatasi hizo hazisemi, na mpaka wiki iliyopita wawili hao walikuwa bado wanabishana.